Risasi za kujijazia kwenye mafunzo ya shabaha: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Kila yanapotangazwa mafunzo ya shabaha hapa Tabora, yawe ya walinzi wa maghala ya tumbaku, ya vijana wa doria wa jumuiya za uhifadhi kule Sikonge na Urambo, au ya raia wenye leseni za kumiliki silaha, ubishi wa risasi haukosekani. Risasi zina bei, na anayejifunza huzimaliza upesi kuliko mfuko wake unavyopenda. Hapo ndipo hujitokeza mtu aliyeona video ya Mmarekani akijaza maganda yaliyokwisha kutumika kwa mashine ndogo iliyofungwa mezani, akauliza: sisi tunashindwa nini? Wapo wanaomuunga mkono, wapo wanaomrukia. Mimi niko na wanaosema hapana, risasi ya kujijazia isiingie darasani. Ila sababu nyingi zinazotolewa, hata na wa upande wangu, haziko sawa.

Kwa asiyewahi kuichungulia risasi ya kisasa: ina ganda, ina fataki kwenye kitako cha ganda, ina baruti ndani, na ina kichwa kinachoruka. Ukifyatua, fataki huwasha baruti, gesi husukuma kichwa, ganda hubaki. Ganda la shaba likiwa bado zima linaweza kutiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Huko ndiko kujijazia.

“Risasi ya kujijazia ni takataka, ya kiwandani haikosei”

Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Marekani wapo washindani wengi wa masafa marefu wanaojijazia risasi zao, wala si kwa umaskini. Mtu anayepima baruti ya kila ganda kwenye mizani, akarekebisha urefu wa risasi ulingane na chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya bunduki yake moja, anaweza kupata risasi inayopiga pale pale kuliko ile ya boksi. Kiwanda hakiwezi kumfanyia hivyo, kwa sababu risasi zake lazima ziingie kwenye kila bunduki ya saizi ile.

Na kiwanda nacho hukosea. Watengenezaji wakubwa wamewahi kutangaza risasi zao zirudishwe. Tofauti iko kwenye namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Kasoro ikigundulika, hutangazwa kwamba namba fulani zisitumike, na mkufunzi anaweza kusimama renji, uwanjani pa shabaha, na boksi mkononi akahakiki. Kopo la plastiki lililojaa risasi alizojijazia mjomba halina namba. Moja ikiwa na kasoro, huna pa kuanzia kujua wenzake wangapi wanayo.

Halafu kuna vipimo. Marekani vikomo vya mgandamizo, yaani nguvu ya gesi ndani ya bunduki, huwekwa na SAAMI, chombo kilichoanzishwa mwaka 1926. Ulaya kuna CIP, ya tangu 1914. Kwa vipimo vya SAAMI, risasi ya bastola ya milimita 9 haitakiwi kuvuka pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Ile ya .38 Special, ya bastola za silinda, kikomo chake ni 17,000 tu, na .223, ambayo ni ya bunduki ndefu, ni 55,000. Bunduki hutengenezwa kwa kufuata vikomo hivyo. Kiwanda kina vyombo vya kupima mgandamizo; meza ya nyumbani haina. Mjazaji hufuata kitabu, kisha hulisoma ganda baada ya kupiga, kama limevimba, kama fataki imebonyea vibaya. Mwenye uzoefu huzijua dalili hizo. Mwanafunzi hata hajui kama zipo.

“Babu zetu wameshindilia gobore miaka yote, baruti tunaijua”

Hii husikika sana kwa wazee wa Sikonge na Kaliua, na siwalaumu. Huu ni mkoa wa wawindaji na warina asali. Rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo, walibeba bunduki za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na Isike, mtemi wa Unyanyembe, Wajerumani walipoingia boma lake mwaka 1893, inasimuliwa kwamba alijilipua kwa baruti ya ghala lake mwenyewe. Baruti si mgeni hapa.

Lakini baruti ile si hii. Gobore hutumia baruti nyeusi. Risasi za leo hutumia baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, mwaka uleule aliofariki Mirambo. Kwa hiyo Mirambo hakuwahi kuigusa, na ufundi wa mdeki, ule ufito wa kushindilia, tuliorithi tangu enzi zake hauihusu. Baruti nyeusi hujaza nafasi kubwa na mwendo wake wa kuungua haubadiliki sana. Hii nyingine, mgandamizo ukipanda nayo huungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo hupandisha mgandamizo tena. Nyongeza kidogo tu huleta balaa kubwa. Kipimo cha kukadiria kwa macho, ambacho gobore huenda likakivumilia mwaka mzima, hapa hupasua chemba kwa mara moja.

Ganda la .38 Special linaonyesha hatari hiyo vizuri. Lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 wakati wa baruti nyeusi, ndiyo maana ni refu. Baruti ya bastola ya siku hizi huchukua sehemu ndogo tu ya nafasi ile. Ukimimina kipimo mara mbili, ganda bado halifuriki. Ni kama chai iliyotiwa sukari, ukitazama kikombe kwa juu hujui ni kijiko kimoja au viwili. Mjazaji anapigiwa simu, anainuka, anarudi, anaendelea kutoka pale anapodhani aliishia. Akikosea upande mmoja, ganda limepata baruti mara mbili. Akikosea upande wa pili, ganda limerukwa, halina baruti hata chembe.

Wengi huogopa lile la kwanza. Kwa darasa, mimi naogopa zaidi la pili.

“Mwanafunzi anajifunza tu, risasi yoyote inamtosha”

Hapa ndipo penye kiini, na nitakwenda polepole.

Ganda lisilo na baruti bado lina fataki. Fataki peke yake ina nguvu ya kukichomoa kichwa, kukisukuma ndani ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Hakuna mlio wa kawaida, ni “pff”. Mkono hausukumwi inavyotakiwa. Mpigaji wa siku nyingi husimama palepale, mwili wake umeshamwambia kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Sasa mtazame mwanafunzi wa siku ya kwanza. Masikioni ana vizuia kelele, kushoto na kulia wenzake wanapiga. Ile “pff” haimfikii. Mshtuko wa kawaida wa bastola mkononi hajauzoea, maana risasi alizopiga maishani zinahesabika. Anachokiona ni kwamba bastola imegoma kujipakia. Na asubuhi hiyohiyo amefundishwa: silaha ikigoma, gonga kitako cha magazini (kisanduku cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma), rudi kwenye shabaha. Amefundishwa aifanye bila kufikiri, ndiyo shabaha ya zoezi lenyewe. Basi anagonga, anavuta, ganda tupu linaruka, risasi nzima inaingia chemba, anafyatua. Kichwa cha pili kinakutana na cha kwanza mtutuni. Akiwa na bahati, mtutu unavimba. Akikosa bahati, unapasuka mikononi mwake.

Tazama aliyeumia ni nani. Ni yule msikivu, aliyefanya kila alichoambiwa, tena haraka. Zoezi la gonga-vuta linachukulia kwamba risasi zinaaminika na tatizo ni magazini iliyolegea au mkono wa mpigaji. Ukiingiza risasi usizoziamini, zoezi lilelile la kumwokoa linakuwa la kumuumiza. Kwa bastola ya silinda hali ni mbaya zaidi: hakuna hata slaidi ya kuvuta, kidole kikibonyeza tena silinda inazunguka na risasi inayofuata iko tayari.

Mkufunzi makini hufundisha pia kusimama. Sauti ikiwa tofauti, au mkono usipohisi mshtuko: kidole nje ya kifyatulio, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, mwite mkufunzi, silaha ipakuliwe, ufito upitishwe mtutuni kabla ya risasi nyingine yoyote. Sawa. Lakini mkufunzi huyo mmoja ana watu wanne au watano mbele yake. Akimwinamia mmoja kumrekebisha mshiko, wengine wamebaki na akili zao.

Kuna na jambo dogo la darasani ambalo halisemwi sana. Wanafunzi hupakia na kupakua mno: amri ya kupakia, amri ya kupakua, mapumziko ya chai, kupakia tena. Risasi ileile ikigongwa chembani mara nyingi, kichwa chake kinaweza kurudi ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, mgandamizo hupanda. Hata ya kiwandani hufanya hivyo, kwa hiyo risasi iliyoingia na kutoka chembani mara kadhaa ni ya kuiweka pembeni. Iliyojazwa nyumbani na shingo ya ganda ikabanwa kwa ulegevu hurudi mapema zaidi. Ilinganishe na risasi mpya kwa kuzisimamisha juu ya meza: iliyorudi huonekana fupi.

“Ikipasuka ataumia aliyeijaza”

Laiti ingekuwa hivyo. Renji watu husimama bega kwa bega, na mkufunzi yuko hatua moja nyuma. Vipande vya chuma havimuulizi mtu nani alijaza. Isitoshe, walinzi hupokezana silaha za kampuni: risasi iliyorekebishwa kwa chemba ya bunduki moja huishia kwenye bunduki nyingine kabla ya saa sita mchana. Na vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wengi wa bunduki husema wazi kwamba silaha ikiharibiwa na risasi zilizojazwa upya, dhamana haipo. Mwenye kampuni ya ulinzi ukimsomea sentensi hiyo moja, hataki kusikia nyingine.

“Angalau tutaokoa hela”

Marekani, labda. Huko nako wajazaji wenyewe hutaniana kwamba hawaokoi kitu, wanapiga nyingi zaidi kwa hela ileile. Kwetu hoja hii haifiki mbali: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni, na darasa linalomwandaa mlinzi kushika silaha kihalali haliwezi kuanza kwa kuvunja sheria hiyohiyo. Anayetaka kupunguza gharama kweli aongeze mazoezi makavu, silaha tupu iliyokaguliwa na watu wawili, risasi zote zikiwa chumba kingine. Mshiko, kulenga na kubonyeza kifyatulio bila kutikisa mtutu hujifunzwa hivyo kwa sehemu kubwa, na hakuna kinachoteketea.

“Basi tujitengenezee zile bandia za mazoezi”

Wazo zuri lenye kasoro moja. Mkufunzi huchanganya risasi bandia kwenye magazini bila mwanafunzi kujua ni ya ngapi. Ikifika zamu ya bandia, hakuna mlio, na kila mtu anaona mkono ulivyoinamisha mtutu kwa kuusubiri mshtuko. Sijaona zoezi linalomfundisha mtu haraka kuliko hilo. Lakini bandia iliyotengenezwa kwa ganda la kweli na kichwa cha kweli hufanana na risasi hai, na siku zitakapochanganyika kwenye mfuko mmoja hakuna atakayezitofautisha kwa kuzipapasa. Tumieni za plastiki ya rangi kali, nyekundu au chungwa.

Je, hakuna darasa ambalo risasi za kujijazia zinafaa? Lipo, katika nchi ambazo sheria inaruhusu: mafunzo ya masafa marefu, ambapo mpigaji amekuja na bunduki yake, risasi alizozijaza mwenyewe na daftari la vipimo vya kila toleo, tena anapiga taratibu, moja baada ya nyingine, anasikia kila mlio. Huyo amekwisha vuka hatua ambayo mwanafunzi wetu ndiyo kwanza anaianza.

Kwa anayejiandaa kuja darasani: risasi zije ndani ya boksi lake, lisilofunguliwa. Usizimimine kwenye kopo wala mfuko wa suruali kabla hujaonyesha. Angalia saizi iliyopigwa kwenye mtutu na ile ya kitako cha ganda, zilingane herufi kwa herufi na namba kwa namba. Boksi likiisha, chana ubavu wenye namba ya toleo uukabidhi kwa mkufunzi, abaki nao mpaka mafunzo yaishe. Na kama jirani ya kushoto kwako amekuja na kopo la mjomba, mwambie mkufunzi kabla hajapanga watu kwenye mstari.