Kuchonga bomba la ekzosi la pikipiki ndogo: shughuli yote iko mdomoni

Wadau, hapa Mwanza vijana wa bodaboda wananifuata sana na hii habari ya ekzosi, fundi nifanyie chombo kivute, ukimuuliza unataka nifanye nini anakwambia kata silensa, toboa toboa, itoe mlio. Jamani mlio sio nguvu. Hizi pikipiki za mtindo wa Honda CG 125 zilizojaa mtaani, injini ni 124 cc, silinda moja, pistoni ya mm 56.5 inatembea mm 49.5 basi, nguvu yenyewe ni ya kuhesabu, kwa hiyo moshi ukikwama hata kidogo utausikia tu ukiwa unapanda Bugando na abiria na mzigo wake. Na mara nyingi panapokwamisha sio kwenye silensa, ni pale mwanzo kabisa, sentimita mbili tatu za kwanza bomba linapotoka kwenye silinda hedi.

Fungua uone mwenyewe. Toa zile nati mbili za flenji, kile kibanio kinachoshika bomba kwenye hedi, vuta bomba, mulika mdomoni na tochi ya simu. Kwenye mabomba mengi ya bei rahisi utakuta ile ringi ya mwishoni, inayokandamiza gasketi, imechomelewa na weldi imepenya mpaka ndani, imeacha nundu kuzunguka bomba lote, pengine na matone yaliyoganda pembeni. Halafu usidanganywe na unene wa nje, mengi ni bomba mbili, la nje lenye kromu ni la urembo tu ili lisibadilike rangi kwa joto, moshi unapita kwenye bomba jembamba la ndani.

Sasa piga hesabu. Tuseme bomba la ndani lina upana wa mm 26, nundu ya weldi imeingia mm 1.5 tu kila upande, pamebaki mm 23. Kwa macho unaona kitu kidogo, ila ukitafuta eneo la njia umetoka kama mm za mraba 531 umeshuka mpaka 415, yaani karibu asilimia 22 ya mlango imeliwa na weldi. Na hapo bado, maana ukingo mkali unafanya moshi uachane na ukuta wa bomba na ujikunje, kwa hiyo njia inayotumika kweli ni ndogo kuliko hata hiyo unayoipima.

Kuna na hili la mawimbi ambalo wengi hawalijali. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika valvu ya ekzosi inafunguka mara 50 kwa sekunde, na inafunguka kabla pistoni haijafika chini, presha bado ipo, moshi unatoka kwa kishindo na kila kishindo kinatuma wimbi ndani ya bomba linalokwenda zaidi ya mita 500 kwa sekunde kwa sababu kule ndani ni moto. Wimbi likifika mahali njia inapanuka linarudi na mvuto, likifika mahali njia inabanwa linarudi na presha. Nundu iliyo karibu kabisa na valvu inarudisha presha palepale mlangoni wakati silinda inajitahidi kujisafisha. Ndo maana pia nawaambia watu urefu wa bomba msiuguse, ule umepangwa na mtengenezaji ili mvuto urudi kwa wakati wake, ukikata unahamisha nguvu kutoka mizunguko ya chini ambako bodaboda anaihitaji.

Kazi yenyewe ni ya mkono na uvumilivu. Stadi kwanza, zile bolti zilizosimama kwenye hedi zinazoshika nati, kama nati zina kutu dondoshea dizeli ziloane usiku kucha, usilazimishe, stadi ni ya chuma na hedi ni aluminiamu, ikikatikia ndani umehamia kwenye kazi nyingine kubwa ya kudrili na kutia nyuzi upya. Bomba likishatoka chukua kipande cha boksi gumu, paka grisi nyepesi kwenye ukingo wa tundu la hedi, bandika boksi likiwa limekaa kwenye stadi zake, utapata alama ya duara. Kata lile duara kisha lilinganishe na mdomo wa bomba. Hapo utaona wazi upande gani bomba limeingia ndani ya njia ya moshi na kwa kiasi gani, mara nyingi sio sawa pande zote, kuna upande umezidi.

Kusaga natumia drili na kijiwe cha kusagia chenye mkia, nikimaliza nundu kubwa nahamia tupa ya duara. Halafu nachukua fimbo ya chuma nyembamba, naipasua ncha kwa msumeno, nachomeka msasa namba 80 naukunja kuzunguka fimbo, naifunga kwenye drili, inazunguka mle ndani inafuata umbo la bomba vizuri sana, hii hata mahali pa kupinda inaingia. Usiache ngazi, teremsha taratibu mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Namba 120 ndo mwisho wangu. Kung'arisha kama kioo ni kupoteza muda, siku chache tu masizi yameshafunika, kinachosaidia ni umbo.

Angalizo, ile weldi ndo imeshika ringi. Ukiila yote bomba linaachia ukiwa barabarani, kwa hiyo kama imekaa vibaya mpelekee mtu wa kuchomelea aongeze mshono kwa nje kabla hujasaga ndani, ila asiguse uso unaokalia gasketi.

Kingine, bomba likiwa pana kidogo kuliko tundu la hedi liache hivyohivyo, haina shida, kile kijingazi kinasaidia hata kuzuia moshi usirudi nyuma. Ubaya ni bomba kuwa jembamba kuliko tundu. Na usianze kupanua tundu la hedi ili lifanane na bomba, kwanza chenga za aluminiamu zinaingia kwenye valvu, pili ukipanua kasi ya moshi inashuka, pikipiki inalegea mizunguko ya chini.

Wakati wa kurudisha weka gasketi mpya ya kopa na hakikisha haijachungulia ndani ya njia, maana gasketi pana inarudisha tatizo lilelile ulilotoka kulisaga. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, flenji ikae sawa. Endesha mpaka ipate moto, iache ipoe kabisa, kaza tena. Ikiwa inapiga vimlio vya pa pa ukiachia mafuta, joint ya bomba na hedi inavuta hewa, usikimbilie kabureta.

Baada ya hapo tembea nayo siku mbili tatu kisha toa plagi uiangalie, rangi ya kahawia ya udongo mchanganyiko uko sawa, ikiwa nyeupe injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, panda jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta, iwe kubwa kwa namba moja tu, uiangalie tena. Haitageuka kuwa ya cc 150 hiyo, lakini gia ya tatu kwenye mlima utaisikia inashika mapema.