"26 imekufa" na dhana nyingine kuhusu saizi ya gurudumu la baiskeli ya gia

Jumamosi moja nilikuwa pale Mbuyuni, Moshi, natafuta pedali. Kijana mmoja alikuwa ameishika baiskeli ya gia ya mtumba, fremu haina ufa, breki zinashika, gia zinaingia zote. Akaizungusha, akainama kusoma tairi, akairudisha. "Hii ni 26, mzee. 26 imekufa." Akaenda zake. Nusu saa haikupita, jamaa wa kutoka Mabogini akailipia na kuondoka nayo juu ya bodaboda. Muuzaji akanigeukia: "Sasa kaka, imekufa lini na mimi nauza matairi yake kila siku?"

Nimeendesha baiskeli kati ya Moshi na vijiji vya juu kwa miaka mingi, na kila msimu nasikia namba mpya ya gurudumu, kwa inchi (26, 27.5, 29), ikisifiwa na ya zamani ikizikwa. Mengi yanayosemwa yana chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayowapoteza watu.

DHANA: 26 imekufa

Ilikokufa ni kwenye maduka ya baiskeli mpya za bei kubwa huko Ulaya na Marekani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu kila baiskeli ya milimani, hii tunayoiita ya gia, ilikuwa 26. Mwaka 1999 kampuni ya WTB ikatoa tairi nene la 29, na Gary Fisher, mmoja wa waasisi wa baiskeli hizi kule California, akalishikia bango wazo hilo. Ilipofika 2013 na 2014 kampuni kubwa zikaipokea 27.5, na haikuchukua misimu mingi 26 ikatoweka kwenye katalogi zao.

Lakini sisi hatununui kutoka katalogi ya mwaka huu. Mtumba unaoshushwa huku ni wa baiskeli walizoziacha wenzetu miaka 10 au 20 iliyopita, na nyingi ni 26. Viwanda vya Asia bado vinatengeneza matairi na tyubu zake. Ukipasukiwa Himo au Sanya Juu, tyubu ya 26 mara nyingi utaipata dukani kwa mangi, imening'inia karibu na sabuni. Ya 29 itabidi uifuate mjini. Kwa mtu anayepeleka maziwa kila asubuhi, hilo linazidi sifa zote za mtandaoni.

DHANA: Namba iliyoandikwa kwenye tairi ndiyo kipimo cha ringi

Hii ndiyo iliyonigharimu mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikuwa na safari ya Uru kesho yake, tairi la nyuma limekwisha. Nikapita dukani jioni, giza linaingia, nikaomba "tairi la 26", nikapewa, nikalipa. Asubuhi fundi wangu wa Pasua akalivalisha kwenye ringi. Likaingia bila hata kutumia vijiko vya kufungulia, akacheka. Upande mmoja ukiuweka sawa, wa pili unatoka nje, tairi linapwaya kama gauni la kuazima. Akaligeuza akanionyesha maandishi: 26 × 1 3/8. Langu la zamani lilikuwa 26 × 1.95.

Yote 26, lakini ringi ni mbili tofauti. Lile la 1 3/8 ni la zile baiskeli za Japani zenye kikapu mbele, ringi yake ina milimita 590 pale tairi linapokaa. La 1.95 ni la baiskeli ya gia, milimita 559. Tofauti ni milimita 31. Ukiona upana umeandikwa kwa desimali (1.95, 2.1, 2.25), kwa kawaida hilo ni la baiskeli ya milimani. Ukiona sehemu, kama 1 3/8 au 1 1/2, simama kwanza.

Ya kuchekesha zaidi ni 28. Zile baiskeli nyeusi za Phoenix na Avon walizopanda babu zetu zimeandikwa 28 × 1 1/2, na ringi yake ni milimita 635. Hiyo 29 inayoitwa gurudumu kubwa la kisasa ina ringi ya milimita 622. Yaani Phoenix ya babu ina ringi kubwa kuliko 29 ya mjukuu! Tena kuna 28 nyingine, ya baiskeli za Uholanzi na Ujerumani zinazokuja kwenye mtumba, ambayo ringi yake ni 622 kamili, sawasawa na 29. Ndiyo maana tairi la 28 la Mholanzi linaweza kukaa kwenye ringi ya 29 kama upana unaruhusu, na la Phoenix halikai kamwe.

Dawa ipo ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa maandishi madogo: namba mbili zenye kistari katikati, mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi. Hiyo ya pili ndiyo isiyodanganya. Baada ya siku ile fundi wangu aliandika kwa chaki ukutani, juu ya sanduku la spana: 559 = 26 gia. 584 = 27.5. 590 = 26 kikapu. 622 = 29. 635 = Phoenix. Wateja wake sasa wanasoma ukuta kabla ya kwenda dukani.

DHANA: 27.5 iko katikati ya 26 na 29

Fanya hesabu ya kutoa tu. Kutoka 559 hadi 584 ni milimita 25. Kutoka 584 hadi 622 ni 38. Basi 27.5 ni 26 iliyonenepa kidogo kuliko ilivyo 29 iliyokonda. Na wala si mpya, ni saizi ya zamani ya Wafaransa waliyoiita 650B. Anayeuza 26 nzuri ili apate 27.5 "aone tofauti" anaweza kuitafuta hiyo tofauti hadi Machame asiipate.

DHANA: 29 inachosha mlimani

Niliwahi kuliamini hili. Nilipanda na 29 ya rafiki kwenda Kibosho, na kabla ya kufika nilikuwa nimeshuka nasukuma, nalaumu uzito wa magurudumu. Uzito upo, gramu mia kadhaa kwa jozi. Lakini mwili wangu na mkungu wa ndizi niliorudi nao havikuwa gramu.

Tatizo lilikuwa gia. Tairi la 2.25 kwenye 29 likizunguka mara moja linakusogeza karibu mita 2.31. Upana huo huo kwenye 26 unakusogeza mita 2.11. Kwa hiyo ukiwa na meno yale yale mbele na nyuma, kila unapozungusha pedali 29 inakudai asilimia 9 zaidi. Kwenye barabara tambarare ya kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC hutasikia kitu. Kwenye kilima cha Kibosho ndiyo tofauti ya kukaa kwenye siti au kushuka.

Badilisha meno, usibadilishe gurudumu. Kama mbele una 32, weka 30. Au nyuma, meno makubwa yawe 40 badala ya 36. 29 nyingi za miaka ya karibuni zinakuja na sahani ya nyuma yenye meno 50 au 51, kwa hiyo hesabu hii wameshakufanyia. Shida inabaki kwa zile za mwanzo na kwa zile zilizounganishwa kwa vipande.

DHANA: 29 inapita juu ya mawe kama hayapo

Chukua jiwe la sentimita 10, la kawaida kwenye njia yoyote ya Uru baada ya mvua. Gurudumu la 26 linaligonga kwa pembe ya nyuzi kama 45, la 29 kwa nyuzi kama 43. Tofauti ipo, nayo hujijenga jiwe baada ya jiwe, kwenye mteremko mrefu utaishukuru. Lakini ni nyuzi mbili.

Wakati huo huo utamkuta mtu na 29 yake mpya, matairi yamejazwa upepo mpaka ukiyapiga yanalia kama ngoma. Tairi gumu hivyo halimezi jiwe, linaruka, na kila linaporuka nguvu yako inapotea hewani. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la 2.2 na tyubu ndani, upepo wa PSI 30 hadi 35 unatosha kwenye njia mbaya. Ukishusha sana, tyubu itabanwa kati ya jiwe na ringi itoboke matundu mawili pamoja. Kabla hujanunua baiskeli nyingine, toa upepo kidogo uende Msitu wa Rau ujaribu. Ni bure.

DHANA: 29 ni ya watu warefu

Ukubwa wa fremu ndio unaomkaa mtu, si wa gurudumu. Ila kwa aliye chini ya sentimita 160 hivi, 29 huanza kuleta usumbufu: usukani unapanda juu, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele ukikata kona. Kampuni kadhaa huweka 27.5 kwenye fremu zao ndogo kwa sababu hiyo.

DHANA: Nunua magurudumu ya 29, yavalishe kwenye fremu ya 26

Kama breki zako zinabana ringi, sahau. Ringi ya 29 iko juu kwa milimita 31 na nusu kutoka pale raba za breki zinapofika. Kwa breki za diski ringi si kikwazo, lakini tairi litasugua fremu au foku. Hata habu zinagoma: nyingi za zamani za nyuma zina upana wa milimita 135, za 29 za sasa nyingi ni 148. 27.5 kwenye fremu ya 26 yenye diski huwezekana mara chache, kwa tairi jembamba. Tyubu ndiyo yenye huruma: ya 26 inaingia kwenye 27.5, ya 27.5 itakufikisha nyumbani ndani ya 29.

DHANA: Mabingwa wameshamaliza ubishi

Kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London 2012 Jaroslav Kulhavý alichukua dhahabu kwa 29. Nino Schurter alikuwa wa pili kwa 27.5, nyuma yake kwa sekunde moja. Mwaka 2019 Loïc Bruni akawa bingwa wa dunia wa mbio za mteremko akiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma, mwaka ule ule sheria ya mashindano iliporuhusu kuchanganya. Sasa zimeanza kuonekana za 32.

Juzi nilipita Pasua kukaza spoki. Kwenye ukuta wa fundi mtu ameongeza mstari wa sita chini ya 635: 686 = 32, halafu akaweka alama ya kuuliza. Fundi anasema hajui ni nani, na chaki yake haionekani.