Ua la Usambara ni mtoto wa mwamba

Mara ya kwanza kwenda kulitafuta ua la Usambara msituni, karibu na Amani kwenye Milima ya Usambara, Tanzania, nilipoteza asubuhi nzima nimeinamia udongo. Nilikuwa nimelizoea kwenye vyungu vya madirishani, na mmea wa chungu hukufundisha kutazama chini. Mzee wa Kisambaa aliyekuwa akituongoza aliniacha nihangaike mpaka akachoka yeye. "Mwanangu," akasema, "unatafuta sakafuni, lenyewe limekaa ukutani." Akanyoosha panga kuelekea mwamba mweusi uliosimama kando ya kijito. Pale, kwenye nyufa ambazo hata kidole changu kisingeingia, palikuwa na majani madogo ya mviringo yenye manyoya, na maua matano ya zambarau hafifu, kila moja na vifuko viwili vya njano katikati.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza chochote kuhusu mmea huu, naanzia kwenye mwamba.

Kundi lenyewe, Saintpaulia, asili yake ni Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya, basi. Liko Usambara, Nguru, Uluguru na vilima vya Taita, na pia kwenye miamba ya chokaa ya nyanda za chini, upande wa Tanga na Kilifi. Ni mimea laini ya kudumu: haina shina la mti, lakini pia haimalizi maisha yake kwa msimu mmoja. Mizizi ni myembamba na haiendi mbali. Inashika kuvumwani, ule ukoga wa kijani uotao juu ya mawe, na mboji kidogo iliyonasa kwenye ufa, na hiyo inatosha.

Kwa nini mmea mlaini hivyo uende kuishi mahali pagumu hivyo? Kwa sababu chini ya msitu kuna vita. Majani makavu yanaangukia kila kitu, na miche ya miti inagombania kila shubiri. Ukutani hakuna anayekusukuma. Ila mwamba hauweki akiba ya maji, hivyo mmea unategemea unyevu wa hewa na kivuli cha miti iliyo juu yake. Ulikwepa vita vya ardhini ukaingia deni kwa miti.

Mwamba unaofaa haupo kila mahali. Kati ya mlima na mlima kuna tambarare kavu, na hata ndani ya mlima mmoja kuna mabonde yasiyo na mawe. Kila jamii ya mimea hii imekaa kama watu wa kisiwani, ikizaana yenyewe kwa yenyewe na kupata sura yake. Mingine hukaa duara, majani yamepangika kama sahani. Mingine, kama ile iliyopewa jina grotei, ina shina linalotambaa na kuning'inia. Mwingine, teitensis, hukua porini kwenye kilima cha Mbololo kule Taita tu, si kwingine duniani.

Hapo ndipo wataalamu wa uainishaji walipochanganyikiwa, na mimi pamoja nao. Katikati ya karne iliyopita mtaalamu wa mimea B. L. Burtt alizieleza spishi, yaani aina zinazojitegemea, nyingi mpaka orodha ikafika kama 20, akitumia sana tofauti za manyoya ya majani. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine, Iain Darbyshire, alizipitia upya akabakiza sita. Mimea haikupungua hata mmoja. Kilichobadilika ni swali la tofauti ngapi zinatosha kuitwa spishi. Nimekaa na sampuli zilizokaushwa nikijaribu kutenganisha ionantha, mojawapo ya spishi hizo, ya bonde moja na ya bonde la pili, na nakiri kwamba kuna siku nilimwelewa Burtt asubuhi na Darbyshire jioni.

Kisha mwaka 2015 jina la jenasi lenyewe, yaani la kundi zima la spishi hizo, likaondolewa. Uchunguzi wa DNA ulikuwa umeonyesha kwamba Saintpaulia ni tawi lililochipuka ndani ya jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus, karibu kabisa na ndugu zake wenye mashina wa Afrika Mashariki, ambao nao, kama yeye, wana kromosomu 30, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi. Jina Streptocarpus lilichapishwa 1828, na kwa kanuni za botania jina la kwanza ndilo linalobaki. Kinachonichekesha ni kwamba Streptocarpus maana yake ni tunda lililosokotwa, na tunda la ua la Usambara halijasokotwa hata kidogo. Nakubali hoja, maana ukoo haubadiliki kwa sura ya mtoto mmoja. Lakini mdomoni bado nasema Saintpaulia, na wenzangu wengi hali kadhalika.

Jina hilo nalo lina kisa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya wakati wa Wajerumani, alipeleka mbegu kwa baba yake Ulaya. Kutoka hapo zikafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, Hanover, naye mwaka 1893 akaupa mmea jina la familia hiyo: Saintpaulia ionantha, yaani yenye maua kama violeti, ua jingine dogo la zambarau. Kufanana tu, maana na violeti halisi hauna udugu. Lakini Saint Paul hakuwa wa kwanza hata miongoni mwa wageni. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa amekusanya sampuli mwaka 1884, na mmisionari W. E. Taylor mwaka 1887. Sampuli zao zilifika Kew, bustani ya mimea ya London, zikiwa haba mno kuelezwa. Wasambaa, bila shaka, walikuwa wakipita kando ya miamba hiyo kabla ya wote hao.

Sasa turudi kwenye vile vifuko vya njano. Ua hili halitoi nekta, yale maji matamu ambayo nyuki huyageuza asali. Zawadi yake ni chavua, na imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo. Nyuki hulishika ua kwa miguu, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua mpaka ukasikia mvumo, na chavua hutoka kama unga kwenye chekecheke. Nyanya na biringanya huchavushwa vivyo hivyo. Tazama pia kijiti cha kike kinachopokea chavua: kwenye maua mengine kimeinama kulia, kwenye mengine kushoto. Nyuki akitoka ua la kulia, chavua imemkaa ubavu unaoguswa na kijiti cha ua la kushoto.

Wenye vyungu huniuliza zaidi kuhusu madoa meupe au ya kahawia kwenye majani. Mara nyingi si ugonjwa, ni maji baridi. Jani likipoa ghafla, seli zilizo chini ya ngozi yake ya juu hupasuka na rangi ya kijani kufa, na doa halifutiki. Tumia maji yaliyokaa ndani ya nyumba yakapata joto la chumba, na yaingie kwa chini, chungu kikiwa kwenye kisahani. Usiache maji yatuame, maana mizizi ya ufa wa mwamba haijui kuogelea. Mwanga uwe mwingi, lakini jua lenyewe lisiliguse jani. Kuongeza miche ni rahisi: kata jani na kikonyo chake, kichomeke kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa utaona watoto wakichungulia pale chini.

Porini sijawahi kuukata hata mmoja bila kibali. Ila siwezi kusema kwamba wachumaji ndio walionisikitisha zaidi. Miaka michache baada ya safari ile nilirudi kwenye mwamba mwingine, mteremko wa pili, ambao niliuweka alama kwa sababu ulikuwa na mimea zaidi ya arobaini. Miti ya juu yake ilikuwa imekatwa kupisha shamba. Kijito bado kilipita. Jua la saa sita lilikuwa limeegemea jiwe, na kuvumwani kulivunjika kama mkate mkavu nilipokugusa. Majani yote yalikuwa mahali pake, duara kwa duara, yamekauka yakashikamana na ufa. Hakuna aliyekuwa amechuma hata moja.