"Huyu mtoto hana watu"

Shangazi ndiye aliyemleta. Kijana mwenyewe, mhasibu wa miaka 31, alikaa kimya akichezea kifungo cha shati. "Dokta, huyu mtoto hana watu," shangazi akaanza. "Ijumaa akitoka kazini anajifungia mpaka Jumatatu. Harusi ya dada yake kachanga vizuri tu, lakini kwenye vikao hakukanyaga. Mtaani wanasema anaringa." (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.)

Tulipobaki wawili nikamtupia swali langu la siku zote. Wageni walikuwa waje Jumamosi, asubuhi wanapiga simu kwamba hawaji tena. Unajisikiaje?

"Nafuu."

Jibu hilo peke yake halinisaidii, maana hata mwenye hofu ya watu hupata nafuu. Ndiyo maana huwa naongeza: na jioni je? Mwenye hofu, jioni utamkuta kajilaza anapekua picha za wenzake kwenye simu, roho inamuuma. Anawataka watu, ila anawaogopa. Huyu wangu aliwaza kidogo, akasema, "Jioni ningekuwa nimemaliza kuunga redio." Hufufua redio mbovu za zamani. Usiku analala fofofo.

Hata wataalamu walichelewa kuwatenganisha watu hawa wawili. DSM, mwongozo wa Marekani wa matatizo ya akili, uliwapa majina tofauti katika toleo la tatu, mwaka 1980: anayekwepa watu kwa kuogopa kukataliwa, na asiye na hamu nao, yaani skizoidi. Ila kuitwa skizoidi si jambo la kukosa vikao. Zinatakiwa dalili zisizopungua 4 kati ya 7, mojawapo ni kutojali usifiwe au ukosolewe. Kijana huyu bosi akimkaripia hali chakula cha mchana! Na redio ikishika stesheni anacheka peke yake. Vijana wenzake humwita "antisosho", jina ambalo kitabibu ni la mtu mwingine kabisa, yule anayedhulumu wenzake wala hajutii.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni mabadiliko. Mtu wa kijiweni, mcheza bao, ghafla hataki kuona mtu, usingizi umekata, chakula hakipandi, hata mpira hautazami: hapo nawaza sonona. Na kijana aliyejitenga akaanza kusikia sauti au kudai watu wanamfuatilia, apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.

Nilimuuliza pia: ukishikwa na homa usiku wa manane, unampigia nani? Akataja wawili, shangazi na muuza vipuri wa Kariakoo. Wanatosha.

Kilichobaki kilikuwa misiba. Harusini ukituma mchango unasamehewa, msibani lazima uonekane, na kule kukaa kwenye turubai kupiga soga tangu asubuhi ndiko kulikomshinda. Tukakubaliana aombe kazi ya daftari la rambirambi. Unakaa mezani na kalamu. Mtu anakuja, pole, jina, kiasi, asante, anapita. Unaonana na kila mtu bila kukaa na yeyote.

Jirani yao alipofiwa, shangazi alinipigia. "Dokta, kashika daftari siku mbili! Hesabu imetimia mpaka shilingi ya mwisho."

Wiki iliyofuata nikamuuliza mwenyewe msiba ulikuwaje. "Watu wengi mno," akasema. Halafu akanieleza, kwa dakika 10 nzima, jinsi alivyogundua jina moja limeandikwa mara mbili.