Je, wajua kwa nini tairi lenye upepo mdogo halishiki kona?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tairi laini ndilo linaloshika barabara. Imani hiyo ina chimbuko: gari likinasa kwenye mchanga wa ufukweni, unapunguza upepo, tairi linatanuka, unatoka. Basi nilipoanza autokrosi hapa Mwanza, yaani kukimbiza IST yangu kati ya koni nikishindana na saa, nilishusha matairi ya mbele hadi PSI 24 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi). Kona ya kwanza tu pua ilikataa kugeuka, nikazoa koni tatu.

Mchanga unataka eneo pana ili gari lisizame. Kwenye lami hakuna kuzama. Kinachotakiwa ni uso wa tairi ubaki umelala chini wakati gari linasukumwa pembeni, na kinachoushikilia ni kuta za tairi zilizokazwa na upepo.

Vaa ndala zilizolegea, kimbia, kisha kata kushoto ghafla. Mguu wa kulia unatelezea nje na kukanyaga ukingo, huku upande wa ndani wa ndala ukinyanyuka. Soli ni pana vilevile, ila inayofanya kazi ni ukingo peke yake. Tairi nalo hufanya hivyo. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na kwa gari lenye injini mbele, tairi la mbele kulia ndilo linaloelemewa. Kuta zikilegea, linajikunja na kukanyagia bega, yaani pale uso unapokutana na ubavu.

Kujaza kupita kiasi nako kunaharibu: katikati hutuna, kingo zikaacha kugusa lami.

Chaki ya shule ndiyo inayoamua. Chora mistari kutoka usoni mwa tairi hadi ubavuni, zunguka koni, kisha tazama. Chaki ikifutika hadi ubavuni, ongeza upepo. Ikibaki kwenye ukingo wa uso, punguza. Kwangu ilitulia kwenye PSI 36. Tairi jingine litadai namba yake, na kwenye vumbi hesabu hii haitoshi.

Pima mara tu unapotoka kwenye koni, maana kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban PSI 1.5. Tena geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi. Tairi lililojazwa PSI 32 Dar es Salaam litasoma karibu 34 hapa, joto likiwa lilelile, bila mtu kuligusa.