TV imepigwa na umeme? Usikimbilie fyuzi

Mteja akija na TV ananiambia "fundi, imepigwa na umeme, weka tu fyuzi", mi sishiki bisibisi kwanza. Namuuliza taa za ndani zilikuwaje muda ule. Umeme unaoua TV haupiti njia moja, na mara nyingi nusu ya jibu anayo mwenyewe kichwani.

Juzi kuna mama kaniletea inchi 32. Anasema jioni taa zote ziliwaka nyeupeee, friji ikaanza kunguruma, kwa jirani taa zikafifia kama kibatari, mara paa! TV kimya. Hapo nikajua nyutro, ule waya wa kurudishia umeme ambao nyumba zote zinautegemea, imekatika huko nje. Kwenye nguzo kuna fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, nyumba zimegawanywa, nyutro ikiwepo kila mtu anakula volti 230 zake, ikikatika nyumba zinaanza kugombania, jirani aliyewasha pasi na jiko anabakiwa na umeme kidogo, we uliyewasha taa mbili na TV unasukumiwa hadi karibu 400.

Nikafungua. Harufu ilitangulia. Varista, kile kidude cha duara kama sarafu, mara nyingi cha bluu, kinakaa jirani na fyuzi, kimepasuka katikati na bodi pembeni yake ina masizi. Hajaharibika kwa bahati mbaya, kazi yake ndo hiyo, volti zikizidi anapitisha yeye umeme wote ili fyuzi ikatike na vya mbele vipone. Sasa fyuzi yenyewe siioni! Mahali pake kuna unyuzi wa waya wa kopa. "Kuna kijana pale mtaani alijaribujaribu", mama ananiambia kwa sauti ya chini. Basi kilichokuwa kimepona huyo kijana kakimalizia, maana waya ule haukatiki, njia ya shaba kwenye bodi ndo ilikatika badala yake.

Fyuzi ya kioo ukiiangalia vizuri inaongea. Uzi umekatika katikati na kioo kisafi, huenda ilizidiwa kidogo au ilichoka tu. Kioo kimekuwa cheusi au kinang'aa kwa ndani kama fedha, mbele yake kuna shoti kali, weka mpya hata kumi zitakatika zote.

Kabla ya kupima, kumbuka ile kapasita kubwa inatunza umeme hata TV ikiwa haiko kwenye soketi, volti 300 na kitu. Umalize umeme wake kwa balbu au rizista, siyo kwa bisibisi, mi bisibisi yangu moja ina pengo mpaka leo na mkono uliruka nikapiga kiwiko ukutani. Baada ya hapo mita kwenye dayodi nne za brijii, zinazogeuza AC ya ukutani kuwa DC, pande zote ikilia pii zimekufa, halafu mosfeti, ile swichi ya pawa saplai. Ya mama vyote viwili vilikuwa shoti na kapasita imevimba kichwa, imeandikwa 450V, na AC ya 400 ikishageuzwa kuwa DC inafika 560 huko, ingepona vipi?

Nikishabadilisha siichomeki moja kwa moja. Naunga balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, kwenye njia ya fezi. Ikimulika kidogo halafu ikazima au kufifia, poa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti na sijaunguza kitu kipya. Kwenye kapasita nategemea kama 320 za DC, kisha 5 za stendibai, za TV ikiwa inasubiri rimoti, kwa hizo zenye stendibai ya peke yake, kisha 12 za bodi kubwa, ile yenye prosesa. Zile 12 zilipotokea, TV ya mama ikawaka.

Ya radi ni habari nyingine. Hiyo inapenda kuingilia kwenye waya wa antena au dishi, inapita kwenye king'amuzi, inatokea kwenye HDMI. TV gadi, kile kifaa cha kukinga umeme wa soketi, haimsaidii mtu hapo. Unafungua unakuta fyuzi nzima, pawa saplai inatoa volti zake zote safi, ila TV haina habari, na prosesa, ubongo wa TV, ukiigusa baada ya sekunde chache tu inachoma kidole. Ikiwa hivyo namtajia mteja bei ya bodi kubwa kwanza, akiguna naifunga na skrubu zake zote namrudishia.