Wekundu wa tofali si kipimo cha uimara

Mnunuzi wa matofali ya kuchoma jijini Dodoma hutazama rangi kwanza: jekundu hulipakia, lililopauka hulikataa. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Wekundu hutokana na chuma kilichomo kwenye udongo, ambacho huungana na oksijeni pale tanuru linapopata hewa ya kutosha. Udongo wenye chokaa nyingi huweza kutoa tofali la manjano ambalo ni gumu vilevile. Kinachoamua ni joto. Kuanzia nyuzi 450 hadi 650 hivi za Selsiasi, udongo mfinyanzi hupoteza maji yaliyofungamana na chembe zake, na tangu hapo haurudi tena kuwa tope, lakini ili ushikamane barabara kwa kawaida huhitaji nyuzi 900 au zaidi. Katika tanuru la kienyeji, ambalo ni rundo la matofali yenyewe lililokandikwa tope kwa nje, yale ya pembezoni mara nyingi hayaivi. Ndiyo maana fundi mzoefu hugonganisha mawili: yakilia kama chungu kizima, yameiva, mlio ukiwa butu, huyaweka kando, hata yawe mekundu namna gani.

Wapo pia wanaodhani kwamba ujuzi huu ulibuniwa Ulaya. Mohenjo-daro, mji wa kale katika Bonde la Indus, Pakistani ya leo, ilijengwa kwa matofali ya kuchoma zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na kimo, upana na urefu wa matofali hayo vilifuata uwiano wa 1:2:4.

Kutokana na dhana hiyo, tembe ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, huonekana kuwa nyumba ya watu waliokosa maarifa. Tembe ilikuwa ya miti, fito na udongo, yenye paa bapa la udongo, nayo iliafiki nchi ambayo mvua yake ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Tanuru hula kuni nyingi, na Ugogo si nchi ya misitu.

Kuhusu vigae, katika nchi zilizotawaliwa na Wahispania na Wareno husimuliwa kwamba vilikunjwa juu ya mapaja ya wafanyakazi. Mapaja ya watu hayalingani, ilhali vigae vya paa moja lazima vilaliane. Vilitengenezwa kwa kalibu ya mbao. Na hapa Tanzania, si kila kigae chekundu cha enzi ya ukoloni wa Wajerumani kilitoka Ujerumani: viwanda vya Mangalore, India, ambako Misheni ya Basel, shirika la wamisionari wa Kiprotestanti, ilianza kutengeneza vigae mwaka 1865, viliuza bidhaa zao hadi Afrika Mashariki.